Ndege ya Kikwembe

Ng'ombe wa mahari alikuwa wa kwanza kukimbia. Alikata kamba, akapita katikati ya viti vya plastiki vya kukodi, akavunja ua wa matete wa jirani na kutokea barabarani bila kumuaga mtu. Nyuma yake wakafuata wageni. Mama mmoja alijifungia chooni na hakutoka mpaka alipoitwa kwa jina lake la ubatizo. Msemaji wa upande wa bwana harusi, mzee Ézéchiel, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiongea kana kwamba kila neno amelinunua, alikutwa chini ya meza amekumbatia sahani ya sombe, mboga ya majani ya mihogo.

Juu yao kitu cheupe chenye mikono minane kilinguruma, kimebeba kamera tumboni, kikiwapiga picha wote.

Kitu hicho kilikuwa cha Emerance na mumewe Fiacre. Walikiunda wenyewe, uani kwao, hapo hapo mtaa wa Ngezi, na siku ile ya kutoa mahari ya Prudence, mdogo wake Emerance, ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuruka mbele ya watu. Kiliruka vizuri. Tatizo halikuwa kuruka. Tatizo lilikuwa kwamba katika Bunia ya miaka ile vita vilikuwa vimekwisha kama jino linavyoacha kuuma: mtu anacheka, anakula, lakini hatafunii upande ule. Na vitu vyeupe vinavyonguruma angani vilijulikana. Vilikuwa vya watu wa kofia za buluu, askari wa Umoja wa Mataifa, na vikipita juu ya mtaa wako, ina maana kuna mahali mambo yameharibika. Fiacre aliipaka droni yake rangi nyeupe kwa sababu moja tu: kopo lilikuwa limebaki baada ya kazi ya kupaka madarasa, na hakutaka rangi ikauke bure.

Ng'ombe alirudishwa jioni. Heshima ilichelewa zaidi.

Mzee Athanase, baba mdogo wa Emerance na kichwa cha familia tangu kaka yake afariki, alingoja wageni wakae tena, wakunjuke, wapewe soda. Kisha akamwita Fiacre mbele ya watu. Alianza kwa sauti ya kucheka, maana aliyajua matusi yanayoliwa na wageni kwa raha.

"Bokilo, kwenu Djugu munalimaka mihogo. Mihogo inakaaka chini ya udongo. Sasa weye, juu ya nini unatafuta mambo ya mbinguni?"

Watu wakacheka. Fiacre naye akacheka, kwa sababu mkwe akitaniwa mbele ya watu hana uso mwingine wa kuvaa. Emerance hakucheka. Athanase alipoona hivyo, kicheko chake kikaisha.

"Ile kamera iliachwa na kaka yangu," akasema. "Siku ya ndoa, mutu moja tu akikimbia juu ya hii mududu yenu, kamera inalala hapa kwangu. Xavier ataenda kuiuzisha Kampala."

"Na kama hakuna mutu atakimbia?" Emerance akauliza.

"Batakimbia."

"Baba mudogo, nimeuliza: na kama hapana?"

Wageni walikuwa wanasikiliza, hata mzee Ézéchiel aliyekuwa bado anajifuta sombe kifuani. Athanase akaona hawezi kurudi nyuma. "Basi mutabaki nayo," akasema, kwa sauti ya mtu anayeahidi kitu ambacho hatakitoa.

Xavier, mtoto wake, alikuwa amesimama pembeni akitabasamu. Yeye alikuwa na kidroni cha dukani, alichokuja nacho kutoka Kampala, kidogo kama sahani ya chai, chenye jicho la ukubwa wa kifungo cha shati.

*

Wengi waliwauliza Emerance na Fiacre kwa nini wasinunue kidude kama cha Xavier wakamaliza taabu. Swali lilikuwa na akili, na jibu lake lilikuwa zito kama mtoto aliyeanza kutambaa. Kamera ya marehemu baba yake Emerance ilikuwa ya kubeba begani, ya mkanda, ya chuma na kioo kinene. Iliwapiga picha maharusi na marehemu wa Bunia kabla ya vita, na wakati wa vita ililala ndani ya pipa la maharagwe. Ilijua nyuso za watu. Kwa jicho la Xavier watu wote walitoka rangi ya jivu, kama waliokaa wiki nzima karibu na moshi. Kwa jicho la baba, mtu mweusi alitoka mweusi, na jasho lake likang'aa.

Na Emerance alikuwa na filamu. Si ya harusi. Filamu yake mwenyewe, ya kubuni, ambayo aliipiga kidogo kidogo kila Jumapili, majirani wakiigiza kwa malipo ya chai na mkate. Ilibaki sehemu ya mwisho: umati wa watu wanaofurahi, unaonekana kutoka juu, kisha kamera inapanda, inapanda, mpaka mabati yenye kutu ya Bunia yote yaingie ndani ya picha. Lakini umati unakula. Emerance hakuwa na sufuria ya kulisha umati. Aliona kwamba kitu pekee mjini chenye umati unaojilisha wenyewe ni harusi. Akaiambia familia: nitawapigia harusi ya Prudence bila malipo, nanyi mnipe watu wenu kwa muda mfupi tu, wakiwa chini na mimi nikiwa juu.

Kwa hiyo ndege ilibidi ibebe kamera ile ile nzito. Fiacre, ambaye kazi yake ni kutengeneza redio, aliijenga kwa alichokipata. Watu wa mtaa walipoanza kununua masahani ya satelaiti, alipanda kwenye paa zao kuondoa antena za zamani na kuomba apewe. Mirija ya antena zile ikawa mikono. Kitako cha sufuria kikawa tumbo. Miguu ilitoka kwenye kiti cha plastiki kilichovunjika chini ya mchungaji mmoja mnene. Injini na mapangaboi zilitoka Kampala ndani ya gunia la viatu vya mitumba. Betri zilidumu muda wa wimbo mmoja wa kwaya, bila kurudia kiitikio.

Mwanzoni picha ilitetemeka kama mwenye malaria. Fiacre alihangaika na mipira, na magodoro, na kandambili alizozikata vipande. Kisha akamwona mama yake anatoka bombani na ndoo kichwani, maji yametulia kama yako mezani, na chini ya ndoo ile ngata, pete ya kitambaa iliyosokotwa. Akaiomba. Mama Bibiane akaivua na kumpa, akauliza kama sasa na mashine nayo inaenda kuchota maji. Ikalazwa tumboni mwa ndege, chini ya kamera, na picha ikatulia.

*

Mama Bibiane aliishi nao tangu alipokimbia vita kutoka Djugu. Siku ya mahari hakupewa kiti. Alikuwa nyuma ya nyumba na masufuria, kama siku zote familia ya Athanase ilipokuwa na wageni. Emerance hakuona kilichompata huko. Alikiona baadaye, nyumbani, alipocheza ule mkanda. Familia nzima ilikuwa imekwisha kuuona na kucheka: ng'ombe, mama wa chooni, mzee Ézéchiel na sahani. Lakini katika pembe ya picha, kati ya masufuria, kulikuwa na mwanamke amelala kifudifudi, mikono masikioni. Wengine waliinuka, wakajipangusa, wakaanza kucheka. Yeye aliendelea kulala.

Emerance alizima mashine. Akatoka uani, akakaa karibu na mama mkwe wake aliyekuwa anachambua maharagwe, akaanza kuchambua naye. Baada ya muda akasema kwamba ataacha. Kamera waichukue, filamu ibaki bila mwisho, filamu nyingi zimebaki hivyo.

"Nani alikuambia uache?" Mama Bibiane akauliza bila kuinua macho.

"Mama, nilikuona mu picha."

"Uliniona. Ile sauti, mwili yangu inaisikia mbele yangu. Mimi nakuja kuelewa nyuma, niko tayari chini." Akatupa jiwe dogo mbali. "Hata pikipiki ya padri ilinilalishaka. Padri aliacha pikipiki?"

Emerance alikubali kwamba padri hakuacha.

"Makosa yenu ni ingine. Mulileta mugeni uchi. Mutu anakuja kwa furaha ya batu, mweupe pe, hana nguo, hasalimii, anapita juu ya bichwa. Mulitaka bamupe kiti?"

Fiacre, aliyekuwa anasikiliza mlangoni na kikombe mkononi, alipaliwa na chai mpaka akapigwa mgongo.

*

Vikwembe vya familia vililetwa na Prudence mwenyewe. Kila ndoa ina kitambaa chake, na ukikivaa hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Ukikosa, hata mpishi anakuuliza. Safari hii kilikuwa cha manjano ya kuumiza macho, chenye majani mekundu. Prudence aliweka kipande kimoja mezani, akakaa, akaanza kusifia chai ambayo ilikuwa bado haijamiminwa.

"Moja tu?" Emerance akauliza.

"Yako, yaya," akamjibu dada yake.

"Na ya Fiacre? Na ya mama?"

Prudence akatazama mlango. "Baba mudogo alisema bilipunguka."

Prudence, ambaye hakuumbwa kwa uongo, akavumilia kidogo kisha akashindwa. "Nilibiona bingine mu kabati," akasema. "Biko bingi."

Mama Bibiane akasema haina neno, kwamba yeye manjano inamfanya aonekane mgonjwa. Alisema kwa uchangamfu, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumsikiliza. Fiacre akatoka nje kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

Emerance akachukua kikwembe, akakikunjua chote, akakipima kwa mikono. Kisha akaomba mkasi.

"Yaya, na weye utavaa nini?" Prudence akauliza, akishuhudia kitambaa cha harusi yake kinapasuliwa katikati.

"Mimi niko kamera. Mwenye kupiga picha anaonekanaka?"

Walifanya kazi hiyo siku kadhaa. Fiacre alilalamika kwamba nguo itakula upepo, kwa hiyo kitambaa kilibanwa na gundi mpaka hakuna mkunjo, mikono minane kila mmoja na soksi yake ya manjano, tumbo la sufuria na sketi fupi ambayo Mama Bibiane aliikagua na kusema si ya heshima lakini kwa ndege itafaa. Mabaki yakasokotwa yakawa ngata mpya. Rangi nyeupe haikuonekana tena popote. Prudence alipokuja kuangalia, alizunguka droni mara mbili, akasema inafanana na shangazi yao wa Nyankunde, kisha akakaa chini akacheka mpaka akalia, na sehemu ya yale machozi haikuwa ya kicheko.

*

Siku ya ndoa, uwanja wa Athanase ulikuwa manjano kutoka ukuta hadi ukuta. Emerance alikuja na gauni lake la kahawia la kazi. Wamama wawili walimuuliza kikwembe chake kiko wapi, wakiwa na matumaini makubwa ya kusikia jambo baya. Akawaambia wangoje kidogo, kinakuja.

Baada ya chakula, yeye na Fiacre waliingia wakiwa wameibeba droni mikononi kama sinia la keki. Hawakuirusha. Waliitembeza. Walianza na meza ya upande wa bwana harusi, na Emerance akaeleza, kwa adabu zote, kwamba huyu ni mgeni wa familia, siku ile alikuja bila kuvaa wala kusalimu, leo amekuja kuomba radhi. Mzee Ézéchiel alikitazama kitambaa, akatazama kifua chake mwenyewe, akaona ni majani yale yale. Alikuwa na sababu kuliko mtu yeyote ya kukichukia kile kitu. Akanyoosha mkono, akashika mmoja wa mikono minane, akautikisa.

"Leo umekula?" akaiuliza.

Hapo meza zote zikataka kusalimiwa. Mama wa chooni aliirekebishia sketi. Bibi harusi aliibusu, ikabaki na rangi ya mdomo. Athanase peke yake alikataa kuigusa. Xavier alikuwa ameketi karibu naye, tayari kwenda kuchukua kamera mtu wa kwanza atakapoinuka kukimbia.

Fiacre aliiweka chini katikati ya uwanja na kuwasha injini, akaiacha ingurume pale pale ardhini, muda wa ubeti mmoja, ili masikio yazoee. Mabega yalipanda. Mikono ilishika mikono. Mwanaume mmoja alisimama, akaona wenzake wameketi, akajifanya ananyoosha suruali. Kisha ndege ikapanda polepole, soksi zake za manjano zikitetemeka, na mtu fulani kutoka kwenye kwaya akapiga vigelegele, na hapo ikawa harusi tena. Walipunga. Walirusha vitambaa. Ng'ombe wa mahari, aliyefungwa kwa kamba mpya, aliinua kichwa, akaona rangi aliyoizoea tangu asubuhi, akaendelea kutafuna.

Emerance alikuwa ameinama juu ya kioo kidogo kinachoonyesha picha. Manjano, manjano, meno, mikono. Halafu kutoka upande wa jikoni likaingia doa la kahawia. Mama Bibiane alikuwa anatoka nyuma, mwiko mkononi, anatembea kuelekea katikati ya uwanja ambako sauti ilikuwa kali kuliko kote.

"Naishusha," Fiacre akanong'ona.

"Acha."

"Ni mama yangu, Emerance."

"Najua ni nani. Acha."

Katika kioo, magoti ya Mama Bibiane yalikunjika. Mwili ulikuwa umesikia. Alishuka kidogo, na kidogo tena, mkono mmoja ukaanza safari kwenda sikioni. Kisha ule mkono ukabadili nia, ukashika kilemba ili upepo usikichukue, na magoti yakanyooka. Alisimama. Akainua uso juu, akaielekezea ndege mwiko wake wenye ugali bado, kama mtu anayemwambia jogoo mkali: jaribu.

"Panda," Emerance akasema, na Fiacre akapandisha. Duara la manjano likawa dogo, katikati yake nukta ya kahawia isiyosogea, kisha paa za Ngezi, kisha barabara ya Nyankunde nyekundu kama kidonda kilichopona, kisha Bunia yote na kutu yake. Betri zilianza kulia. Ndege ikashuka, ikatua, ikanyamaza. Hakuna aliyekimbia.

Xavier aliinuka kwenda kutafuta soda.

*

Jumapili, baada ya ibada, familia zote mbili zilirudi kwa Athanase kula mabaki na kufungua zawadi. Televisheni kubwa ya sebuleni ilitolewa barazani, na kamera ikaunganishwa nayo kwa waya. Athanase alikaa mbele kabisa. Alijiona kutoka juu, kofia yake, fimbo yake, watu wakimzunguka, na hakuficha kwamba alipendezwa. Kisha Mama Bibiane akaingia katikati ya kioo na mwiko wake, na akabaki hapo.

Athanase akainua mkono picha isimamishwe. Alisema, kwa upole wa mtu mwenye nyumba, kwamba kazi ni nzuri, lakini kuna kitu kidogo.

"Ule mama mwenye hana nguo ya familia, mumutoshe, mumufute mu picha. Picha yote iko manjano, yeye katikati kama doa. Mumutoshe, kisha kamera tutaiongelea."

"Kamera iliongelewa," Emerance akasema. "Mbele ya batu. Hakuna mutu alikimbia."

"Mutoto, hapa ni kwangu."

Fiacre alikuwa tayari anatazama ardhi, akitafuta ule uso wa kuchekea. Hakuupata. Akainua kichwa akasema kwamba yule mama ana jina, na kwamba anaitwa Bibiane. Kwa Fiacre hayo yalikuwa mengi.

Emerance akasimama, akaibeba kamera na waya wake, akaiweka magotini pa Athanase. Mzee akashtuka kwa ule uzito.

"Basi umutoshe weye mwenyewe," akamwambia. "Kifungo njo ile ya nyekundu. Inafuta. Itafuta yeye, na weye, na Prudence, batu bote. Haichaguake."

Kidole cha Athanase kilienda kwenye kifungo chekundu, kikasimama juu yake. Ni mzee Ézéchiel aliyeingilia, kwa sababu alikuwa haelewi kwa nini picha imesimama.

"Ule mama mwenye anatishia ndege na mwiko," akauliza, "ni wa upande gani? Nataka kumusalimia. Mimi siku ile nililala chini ya meza."

Athanase akatazama upande wa jikoni.

"Ni wa kwetu," Emerance akasema.

"Rudisha nyuma, baba mudogo," Prudence akasema kutoka kwenye kiti chake cha bibi harusi. "Sikuona muzuri."

Athanase alimtazama bibi harusi, akawatazama wakwe. Kidole kikasogea kutoka kifungo chekundu kwenda kile cha pembeni. Mkanda ukarudi nyuma. Mama Bibiane akakunja magoti, akayanyoosha. Wakwe wakapiga makofi, wakaomba tena. Athanase akarudisha tena. Walimwomba mara nyingi, na kila mara alirudisha, kamera ikimkandamiza mapaja, maana hakuna aliyejitolea kumpokea.

Mwishowe akasema iko nzito, na kwamba waichukue waende nayo.

Fiacre alikuwa anafunga droni kwenye gari la mkono. Kwa hiyo aliyekuja ni Mama Bibiane, kutoka jikoni, akijifuta mikono kwa gauni lake. Alipita kwenye gari la mkono, akachomoa ngata ya manjano tumboni mwa ndege, akaiweka juu ya kilemba chake, akaikaza. Akaenda akasimama mbele ya Athanase, akainamisha shingo kidogo, akangoja.

Mtu hawezi kujitwika peke yake mzigo kama ule. Lazima mwingine amtwike. Na aliyekuwa ameushika mzigo ni mmoja tu.

Athanase aliinuka. Magoti yake yalilia. Akainyanyua kamera ya kaka yake kwa mikono miwili, mbele ya familia zote mbili, akaiweka kichwani pa Mama Bibiane, akangoja mpaka ikae sawa.

"Imekaa?" akauliza.

"Imekaa."

Mama Bibiane akatoka nayo langoni, shingo imenyooka, ngata ya manjano ikionekana kutoka mbali. Hakuishika hata kwa kidole. Mikono yote miwili alikuwa anaihitaji kwa kuaga watu.